Koti Jekundu la Mpiga Ngoma

Mafundi cherehani wa Kariakoo tuna sifa moja ambayo hatuwezi kuikana: hatumalizi nguo siku tuliyoahidi. Mteja akija, nguo yake iko kwenye vifungo. Akirudi kesho, umeme ulikatika. Keshokutwa fundi mwenyewe kaenda msibani. Mimi nimeshazika mashangazi wengi kwa mtindo huo, na wote wako hai na wanakula vizuri. Sijivunii tabia hii, lakini siwezi kuisema vibaya sana, maana nisingechelewesha kazi ya watu Jumamosi moja, nisingepata kitu nilichokitamani tangu nikiwa darasa la nne.

Kitu chenyewe ni ngoma. Nilitaka kupiga ngoma mbele ya watu, nimevaa sare, nimesimama na wenzangu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita upande wa Gerezani, na cherehani ya mama ilikaa barazani, nje kabisa, mahali ambapo kila apitaye alimwona na yeye alimwona kila mtu. Shuleni kwetu kulikuwa na bendi. Kila asubuhi, mstari ukishamalizika, bendi ilipiga na sisi tukaingia madarasani kwa mwendo, darasa moja baada ya jingine. Wenzangu walinyanyua miguu tu ilimradi. Mimi nilikuwa nahesabu kila pigo, nikijua ni mtoto yupi kachelewa na nani kampita mwenzake. Wakati wa mapumziko, wengine wakikimbilia mihogo ya kukaanga, nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha ngoma nikiwasikiliza wanaofanya mazoezi.

Nilipofika darasa la nne, mwalimu wa bendi alitangaza kwamba anataka watoto wanane wapya wa ngoma ndogo. Wiki mbili tulijifunzia juu ya madawati, kwa vijiti, na mwalimu akawa anasema kwamba mimi nashika haraka. Nilichaguliwa. Na kana kwamba furaha hiyo haikutosha, shule ikampa mama kazi ya kushona mashati mapya ya bendi, manane, ya bluu, yenye kamba nyeupe mabegani. Nilitembea mtaani wiki nzima nikiwa mtu muhimu. Niliwaambia hata watu ambao hawakuniuliza.

Kisha tukavishwa ngoma. Ngoma ndogo ya bendi huning'inia kwa mkanda, ikalala kidogo kwenye paja la kushoto, maana mpigaji anategemewa kutumia mkono wa kulia. Mimi natumia kushoto. Juu ya dawati hakuna aliyejali, lakini ngoma ilipofika kiunoni niliihamishia paja la kulia, ikawa inagongana na ngoma ya jirani yangu. Mwalimu akanisogeza mwisho wa mstari. Akarudi mbele, akatutazama kama mtu anayetazama picha iliyotundikwa upande. Mikono saba ilipanda huku na mmoja ulipanda kule. Alinitazama kwa muda, halafu akasema mbele ya wote:

"Wewe toka. Mkono huo utatuaibisha mbele ya mgeni rasmi."

Watoto wakacheka. Nikamrudishia vijiti, na kwa bahati mbaya nikampa kwa mkono uleule, wakacheka tena.

Leo nikiwa mtu mzima najua hakuwa mtu mbaya. Mkono wa kushoto haukuwa na heshima popote nilipoupeleka. Wapangaji wenzetu waliupiga kofi nilipousogeza kwenye sinia. Mama peke yake ndiye aliyefanya nao mkataba: kula na kusalimia nitumie kulia, kazi nyingine nifanye ninavyoweza. Jirani mmoja alipomlaumu kwa kuniacha nikate kitambaa kwa kushoto, mama alimwambia kwamba mkasi haumsalimii mtu.

Jioni ile nilimkuta akitia vifungo. Shati langu lilikuwa limekamilika, limetundikwa kwenye msumari mlangoni. Nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu, kama nilikosea mapigo. Nikasema sikukosea hata moja. Akasema kwamba mashati ni ya shule, yameagizwa manane na yatakwenda manane. Asubuhi akayafunga kwenye kanga akayapeleka, na langu likiwemo. Nilimchukia siku tatu nzima. Kwa umri ule, siku tatu zilikuwa nyingi.

Siku ya mgeni rasmi nilisimama kwenye ukuta pamoja na wale wasio na kazi yoyote. Nafasi yangu alipewa msichana niliyekaa naye dawati moja, na shati langu likawa juu yake. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonifurahisha. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa unambana, kila akinyanyua kijiti anajivuta, wakati mkono wa kushoto ulikuwa mpana, unapepea ovyo. Mama yangu, fundi ambaye wateja walimfuata kutoka Buguruni na Ilala, alikuwa amekata vibaya. Nilicheka mpaka mwalimu wa zamu akanigeukia. Nikakimbia nyumbani kumpa mama habari kwamba shati limekaa upande. Aliinama kwenye cherehani yake.

"Ndiyo," akasema. "Lile nililikosea."

Tukaliacha hapo.

Ngoma haikunitoka, ila ilibadilisha makazi. Mama alikuwa na meza ya kukatia, mbao nene, na juu yake rula ndefu ya fundi. Nilianza kuipiga ile meza kwa rula nikiwa na hasira tu. Siku moja nikagundua kwamba mguu wa mama kwenye cherehani unanifuata. Nikipunguza, naye anapunguza. Nikikaza, naye anakaza. Hakunitazama, lakini mguu wake ulikuwa unacheza. Kuanzia hapo tukawa tunafanya kazi hivyo. Kukunja pindo la gauni kulikuwa na mwendo wake, wa taratibu, mapigo matatu na pumziko dogo. Mapazia yalikuwa na mwendo mwingine. Sikukuu zilipokaribia na kila nyumba ikataka mapazia mapya, tuliyakimbiza mchakamchaka, mama akicheka peke yake na uzi ukikatika kwa kasi. Niseme wazi, nilikuwa na furaha sana kwenye baraza lile. Kuna watoto waliopelekwa kwenye madarasa ya muziki ambao hawakuipata furaha hiyo.

Lakini mpita njia akisimama kutazama, mkono wangu ulijificha wenyewe chini ya meza. Akishaondoka, unatoka. Hilo ndilo lililobaki, na lilikua pamoja nami. Nilimaliza shule, nikawa fundi, nikapata fremu yangu ya kushonea kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa, na sikuwahi kupiga chochote mbele ya mtu mwingine zaidi ya mama.

Halafu wakaja watu wa matarumbeta. Kila mkazi wa Dar anawajua watu hawa: Jumamosi wanapanda pikapu, wanatangulia msafara wa harusi, tarumbeta mbele na ngoma nyuma, wanaufanya mji mzima ujue kwamba leo kuna bibi harusi. Bendi hii ilikuwa ya wanaume saba wa mitaa ya kwetu, ikifanya mazoezi Jangwani, mahali pakavu palipopatikana. Walitaka makoti mekundu yenye kamba za dhahabu. Kiongozi wao, mpiga tarumbeta mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, alileta kitambaa, na mimi nikaenda Jangwani na futi yangu ya shingoni kuwapima.

Nikaenda tena kuwapima. Na tena. Nilisimama pembeni na kidaftari mkononi, nikawasikiliza hadi jua lizame. Mara ya sita kiongozi aliniuliza ni koti gani linapimwa mara sita. Nikamwambia kwamba mabega ya wapuliza tarumbeta hubadilika kadiri wanavyovuta pumzi. Uongo ni sehemu ya kazi yetu, na huo nilijivunia kidogo. Kwamba natamani hata kuigusa ile ngoma kubwa, sikumwambia. Nilijiambia mimi mwenyewe kwamba sitamani.

Makoti niliyaahidi Alhamisi. Jumamosi mchana, makoti sita yalikuwa tayari. La saba, la mpiga ngoma kubwa, lilinitesa kwa sababu mwenyewe ana kitambi ambacho hakikutulia tangu siku ya vipimo, na lilikuwa halina vifungo wala kamba ya bega moja. Kiongozi akatokea mlangoni, pikapu inanguruma barabarani na watu wameshapanda. Nikaanza habari za umeme. Hakunisikiliza, wala hakupandisha sauti.

"Fundi, panda na sindano yako," akasema.

Nikapanda. Nilikaa sakafuni mwa pikapu, kati ya miguu ya watu, nikishona vifungo huku gari likirukaruka, mpaka kanisani. Mpiga ngoma alipiga akiwa na shati lake jeupe tu, akinitazama mara kwa mara kwa jicho la lawama ambalo nilistahili.

Siku hiyo kanisa lilikuwa na harusi kadhaa, moja inatoka nyingine inaingia. Ibada ikiendelea, mpiga ngoma alivuka barabara kutafuta maji ya kunywa. Sasa, mwezi ule maduka ya Kariakoo yalikuwa yamejaa kitambaa kimoja cha kijani chenye ndege wa njano, na bila shaka kamati ya kila harusi iliapiwa na muuzaji kwamba sare hiyo ni yao peke yao mjini. Harusi yetu ilivaa kijani chenye ndege wa njano. Harusi iliyotutangulia kutoka nayo ilivaa kijani chenye ndege wa njano. Mpiga ngoma aliporudi akakuta akina mama wa ndege wa njano wanapanda basi dogo, vigelegele vimepamba moto, na shangazi mmoja akamwambia baba panda tunachelewa. Angekuwa na koti lake jekundu, shangazi angeshangaa. Lakini alikuwa na shati jeupe na jasho, kama mgeni yeyote. Akapanda, akiamini pikapu iko mbele.

Sisi tukamtafuta. Bibi harusi wetu ameshatoka, maua yanarushwa, na ngoma kubwa iko peke yake ukingoni mwa pikapu. Kiongozi akapiga simu. Mpiga ngoma akajibu kwamba yuko kwenye gari la akina shangazi, mbona yeye hatuoni. Kiongozi akamwambia awaulize hao akina shangazi bibi harusi wao ni mtoto wa nani. Tukamsikia akiwauliza. Kumbe walikuwa wanaelekea Mbagala, na sisi ukumbi wetu ulikuwa Ilala, tunapitia Kariakoo.

Nyuma yetu gari la bibi harusi lilikuwa linapiga honi. Mpiga video anapunga mkono twende. Harusi ya tatu inataka maegesho. Na matarumbeta bila ngoma kubwa ni kelele tu, watu hawajui mguu waukanyage wapi. Kiongozi akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi, sakafuni, nimetoka kukata uzi wa kifungo cha mwisho kwa meno.

"Vaa hilo koti," akasema.

Nikasema mimi ni fundi, sijui ngoma. Akasema mtu aliyesimama Jangwani siku sita, huku kiganja chake kikipiga paja kila pigo mahali pake, asimdanganye. Nilikuwa nimeuficha mkono huo maisha yangu yote, na kumbe ulikuwa ukinisema hadharani. Basi nikatoa neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu, na nililitoa kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyenitoa mstarini.

"Natumia kushoto."

Nikasubiri. Yeye akaiangalia ngoma ilivyofungwa kwenye ukingo wa kushoto wa pikapu, akaangalia nafasi finyu kati yake na mpiga ngoma ndogo.

"Vizuri," akasema. "Mkono wako utakuwa nje ya gari. Yule kila Jumamosi anampiga mwenzake kiwiko."

Mpiga ngoma ndogo akasema alhamdulillah. Ndiyo hivyo tu. Jambo lililonikalia kifuani miaka ishirini na kitu lilimalizwa na mtu aliyekuwa anawaza viwiko.

Nikavaa koti. Mikono yake ilinipita vidole, kifuani ningeweza kumwingiza mtu wa pili. Nikashika kirungu cha ngoma na pigo langu la kwanza lilikuwa dogo, la aibu. La pili nalo. Kisha tarumbeta zikaingia, gari likaondoka, na mimi nikautafuta mguu wa mama. Mapigo matatu na pumziko dogo, mwendo wa pindo la gauni. Ukaja. Nikauona mgongo wa kiongozi ukilegea mbele yangu, nikajua nimeshika.

Tulipoingia Msimbazi nilikuwa nimefika kwenye mapazia. Sijui nieleze vipi furaha ile. Machinga walicheza na mizigo yao mikononi. Muuza sidiria akazipunga hewani kama bendera. Mwarabu wa duka la mazulia akatoka na kikokotoo chake mkononi, akatingisha mabega kwa heshima zote. Mzee wa Kihindi niliyenunua kwake vifungo miaka yote akasimama mlangoni, akanitazama mara mbili, halafu akamwita mkewe kwa kelele kwamba fundi wetu huyo, fundi wetu huyo. Watu walinicheka, ndiyo. Walilicheka koti. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa nje ya gari, juu ya barabara, unakwenda na kurudi mbele ya Kariakoo nzima, na hakuna aliyeuona kuwa na kasoro yoyote. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nautazama.

Msafara ukakata kupitia mtaa wa mama. Alikuwa barazani na nguo ya mtu kwenye cherehani. Niliona mguu wake ukisimama. Akainuka, akaweka kiganja juu ya macho, kwa sababu siku hizi macho yake hayaoni mbali. Baadaye aliniambia kwamba alichokiona kwanza ni koti linalopiga ngoma lenyewe, hamna mtu ndani. Nilimpigia mapigo matatu na pumziko dogo. Akaichomoa ile nguo ya mteja, sindano na yote, akaipunga juu ya kichwa. Nilianza kulia, nikajifuta kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kazini.

Mpiga ngoma alitufikia ukumbini kwa bodaboda, na kifurushi cha pilau, kwa sababu akina shangazi wa Mbagala hawakumwacha aondoke bila kula. Alipoelezwa yaliyotokea alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akasema ngoma ile na kitambi chake haviivi siku nyingi, na kama fundi anaitaka, yeye apewe matoazi. Kiongozi akasema mazoezi ni Jumanne, na kwamba itabidi nijishonee koti, na safari hii liwe tayari siku niliyoahidi.

Mama alikataa nisijishonee. "Simama wima," akaniambia, akanipima barazani, polepole, akiisogeza futi karibu na macho. Kisha akaanza kunichelewesha. Wiki ya kwanza koti liko kwenye vifungo. Wiki ya pili umeme, na cherehani yake ni ya miguu. Wiki ya tatu nikapita asubuhi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunionyesha msumari wa mlangoni.

Nikalivaa pale pale. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, mkono wa kulia ulinikaa sawasawa. Nikanyanyua mkono wa kushoto. Ukapanda juu kabisa na koti halikupanda nao. Nikatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umekatwa mpana kuliko wa kulia, na kwapani umetiwa kipande cha ziada ili mpigaji apate nafasi.

Nilikuwa nimeshauona mkono huo. Niliuona ukipepea kwenye shati la bluu, juu ya bega la mtoto mwingine, na nikacheka.

Mama alikuwa anavingirisha uzi, hanitazami.

"Lile shati sikulikosea," akasema. "Nililikata kwa ajili yako. Ungejua siku ile, ungelia mara mbili."

Nikakaa kwenye ngazi ya baraza na koti langu jekundu. Watu walikuwa wanapita, wengine wakigeuka kuangalia zile kamba za dhahabu. Mama akachomeka uzi kwenye sindano, mara ya tatu ukapita, akaweka mguu wake pale unapokaa.

"Haya, piga," akasema. "Nina mapazia ya watu."

Nikachukua rula.